Bahasha ya Kaki, Redio na Mtandao: Nani Anamsomesha Mfanyakazi?

Siku hizi ukiwasha simu asubuhi, tangazo la kwanza kukupokea ni la kozi. Jifunze uhasibu kwa wiki sita. Jifunze kuunda programu za kompyuta ukiwa umejilaza kitandani. Pata cheti cha kimataifa bila kukanyaga darasani. Ukiwasikiliza wauzaji wa kozi hizi utadhani kumsomesha mtu aliye kazini, akiwa mbali na mwalimu wake, ni jambo lililozaliwa jana pamoja na intaneti. Si kweli hata kidogo. Jambo hili lina umri wa karibu miaka 200, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani yake siku nyingi. Tumefaulu mara kadhaa, tumefeli mara kadhaa, na mengi tumeyasahau.

Leo nataka turudi nyuma kidogo. Sababu yangu ni moja. Vijana wengi wa rika langu wanatoa fedha zao za jasho kununua masomo ya mtandaoni wakitumaini kupata kazi, au kupanda ngazi katika kazi waliyo nayo. Wengine wanapata. Wengine wanabaki na faili lililojaa vyeti ambavyo hakuna mwajiri anayevisoma. Historia inaweza kutuambia tofauti ya makundi haya mawili inatoka wapi.

Tuanzie Uingereza, mwaka 1840. Mwaka huo posta ya huko ilianza utaratibu mpya: barua nyepesi ilisafirishwa popote nchini kwa peni moja tu. Kabla ya hapo kutuma barua kulikuwa anasa. Mwalimu mmoja wa mji wa Bath, Isaac Pitman, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha mfumo wake wa hati mkato, akaona mlango umefunguka. Akaanza kuwatumia watu masomo kwa posta. Mwanafunzi alipokea somo, akaandika zoezi lake kwa hati mkato, akalirudisha. Pitman akalisahihisha na kulituma tena kwa mwenyewe.

Angalia vizuri safari hizo za barua. Ya kwanza ilibeba somo. Ya pili ilibeba jaribio la mwanafunzi. Ya tatu ilibeba masahihisho. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa shule yenyewe. Somo peke yake mtu angeweza kulinunua kwenye duka la vitabu. Na tazama pia somo lenyewe lilikuwa nini: ujuzi wa ofisini, unaouzika. Makatibu muhtasari wetu wa enzi za taipureta, wale waliokuwa wakipimwa kwa maneno mangapi wanaandika kwa dakika, walikuwa wajukuu wa kazi ile ya Bath.

Sasa tuvuke bahari hadi Scranton, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Hapa hadithi inanigusa zaidi kwa sababu mhusika wake mkuu ni mwanahabari. Thomas Foster alikuwa mhariri wa gazeti la mambo ya migodi. Migodi ya wakati ule ilikuwa ikiua watu kila kukicha: gesi inalipuka, dari inaporomoka. Mwaka 1885 jimbo likatunga sheria ya usalama iliyowataka wasimamizi wa migodi wafanye mtihani ili waruhusiwe kushika kazi hiyo. Mchimbaji aliyeingia shimoni akiwa mtoto, aliyeijua miamba kwa kuigusa, ghafla akatakiwa kujua hesabu za hewa na kanuni za gesi kwenye karatasi. Atasoma wapi, na saa ngapi?

Foster akaanza na safu ya maswali na majibu gazetini. Wasomaji wakauliza mengi kuliko nafasi iliyokuwepo. Mwaka 1891 akaanzisha kozi ya uchimbaji wa makaa ya mawe kwa njia ya posta. Kozi ile ikazaa nyingine, na taasisi ikaja kujulikana kama International Correspondence Schools. Hadi miaka ya 1920 ilikuwa imeandikisha watu zaidi ya milioni mbili: mafundi umeme, watu wa reli, wachora ramani za majengo, na wachimbaji wenyewe.

Hapa tusishangilie haraka. Taasisi ile ilikuwa biashara, na ilikuwa na jeshi la mawakala waliopita nyumba kwa nyumba wakiuza kozi. Mfanyakazi alilipa kwa awamu, akapokea vitabu vya kwanza, akasoma kwa bidii mwezi mmoja au miwili, kisha usingizi, watoto na uchovu vikamshinda. Wengi walioanza hawakumaliza. Waliokuwa na sababu kubwa ya kumaliza walikuwa watu kama yule mchimbaji, kwa kuwa mbele yake palikuwa na mtihani wa serikali, na nyuma ya mtihani palikuwa na kazi yenye mshahara mkubwa zaidi. Somo lilikuwa na mahali pa kumfikisha. Shikilia hilo, tutalirudia.

Bahasha za kaki zilifika kwetu mapema. Enzi za ukoloni nafasi za sekondari kwa Mwafrika zilikuwa chache mno, na vyuo vya posta vya London na Afrika Kusini vilikuwa dirisha ambalo karani, mwalimu au mhudumu wa hospitali angeweza kupenya. Tom Mboya ni mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla dunia haijamjua, alikuwa mkaguzi wa afya katika Jiji la Nairobi, na masomo yake aliyaendeleza kwa posta kupitia chuo cha Afrika Kusini. Mchana anakagua usafi, usiku anafungua bahasha. Baadaye, mwaka 1955, alipata nafasi ya kwenda Ruskin College, Oxford. Watu wanazikumbuka hotuba zake na ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani, lakini zile bahasha hawazikumbuki.

Baada ya uhuru Tanganyika, na kisha Tanzania, ilikuwa na shida kubwa kuliko ya mtu mmoja mmoja kutafuta cheti. Nchi nzima ilihitaji watu wenye ujuzi, na ilihitaji haraka. Chukua mfano wa vyama vya ushirika. Mkulima wa kahawa au pamba alipeleka mazao yake chamani, yakapimwa, yakaandikwa, akalipwa. Kati ya mizani na malipo alikuwepo katibu wa chama na daftari lake. Katibu asiyejua kutunza hesabu, au anayejua kuzipindisha, alimwibia mkulima hata bila kuvunja mlango. Mwaka 1966 serikali iliunda tume maalumu kuchunguza vyama hivyo, na miongoni mwa yaliyoonekana ni upungufu wa watumishi waliofunzwa na wanachama wasioelewa haki zao.

Chuo cha Ushirika kilikuwa kimefunguliwa Moshi mwaka 1963, lakini huwezi kuwaleta makatibu na wajumbe wa kamati wa nchi nzima Moshi. Kwa hiyo elimu ya ushirika ikafungwa kwenye bahasha na kurushwa redioni, na watu wakakusanyika katika vikundi vya kujisomea huko huko kwenye vyama vyao. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kubishana, kisha majibu ya kikundi yanatumwa. Mtindo huu wa redio, kijitabu na kikundi ulikuja kutumika kwa ukubwa wa ajabu katika kampeni za elimu ya watu wazima. Ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya washiriki wapatao milioni mbili. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa pia kazi ya kusomesha kwa njia ya posta, kwa msaada wa Sweden.

Jaribio kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la walimu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Mpango wa awali ulikuwa lengo hilo lifikiwe mwaka 1989. Yaani miaka 12 ilikatwa kwa azimio moja. Madarasa wananchi wangeweza kuyajenga kwa kujitolea. Lakini mwalimu hajengwi kwa matofali, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa hata sehemu ndogo ya waliohitajika.

Kilichofanyika ni hiki. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini na kuanza kufundisha huku wakisoma. Kila siku walikuwa na saa za kuwa mbele ya watoto na saa za kuwa wanafunzi. Walipata masomo ya posta, walisikiliza vipindi vya redio, na walikutana katika kituo chao cha kata chini ya mkufunzi ambaye pia aliingia darasani kuwatazama wakifundisha. Mafunzo yalichukua miaka mitatu, yakamalizikia kwa wiki chache chuoni na mtihani. Kati ya 1976 na 1984 walihitimu walimu zaidi ya 35,000. Rudia kuisoma namba hiyo taratibu. Hata leo, pamoja na mitandao yetu yote, sijui ni wangapi wangethubutu kuahidi kitu kama hicho.

Watu hawakuwahurumia. Herufi za UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, zikageuzwa kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na hadi leo mtu akitaka kumdharau mwalimu anamwita wa UPE. Dharau ile ilikuwa na chembe ya ukweli. Kijana wa darasa la saba hawezi kumpa mtoto hesabu au sayansi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchumi uliyumba, vita vya Kagera vikaja, mafuta yakapanda bei. Vijitabu vilichelewa, betri za redio zikaadimika, mkufunzi akakosa usafiri wa kuwafikia watu wake. Kila mnyororo wa elimu ya mbali hukatikia pale ulipo mwembamba, na wetu ulikatikia barabarani.

Lakini kuna upande wa pili ambao hausemwi vijiweni. Mwaka 1989 watafiti Mählck na Temu walichapisha utafiti uliowalinganisha walimu hawa na wale waliopitia chuoni. Waliosoma chuoni walikuwa mbele katika baadhi ya mambo, hasa sayansi, ila kwa jumla pengo halikuwa kubwa kama dharau ya mitaani ilivyodai. Na gharama ya kumwandaa mwalimu wa kijijini ilikuwa ndogo zaidi. Ukijiuliza kwa nini mpango ule haukuanguka kabisa, jibu lipo kwenye muundo wake: kijana alikuwa na kazi tayari, alichokisoma jioni alikitumia kesho yake asubuhi, alikuwa na mtu mzima wa kumsahihisha, na mwisho wake alipata daraja la ualimu na ajira ya serikali. Ni Pitman na Scranton kwa pamoja, chini ya mwembe.

Kutoka hapo safari ikaelekea chuo kikuu. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilipendekeza, na Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo kilizinduliwa Januari 1994, na Makamu wake Mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Waliojiandikisha wengi walikuwa watu wa kazini: walimu, maofisa, makarani, askari. Wahitimu wa kwanza wa shahada walipatikana mwaka 1999. Jina lilikuwa huria, lakini mtihani haukuwa huria hata kidogo, ulifanyika mbele ya msimamizi na ulifelisha watu. Nadhani ndiyo maana shahada ile ilikuja kuheshimika.

Halafu ikaja kompyuta, na pamoja nayo ukaja ulevi fulani. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, chuo kikuu kisicho na kuta. Masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, yakapokelewa katika kumbi za vyuo vya Afrika, Kenyatta University kikiwa kimojawapo. Mwanafunzi alimwona profesa kwenye runinga, na akiwa na swali alipiga simu. Wazo lilikuwa zuri, na fedha zilikuwepo. Lakini muda wa setilaiti ulikuwa ghali, saa za Washington si saa za Nairobi, na profesa wa mbali hakujua huyu anayeuliza anafanya kazi gani wala anaishije. Mwaka 2002 makao makuu yalihamia Nairobi. Taratibu chuo kikageuza njia, kikajikita katika kuandaa masomo ya wazi ambayo vyuo vyetu vyenyewe vingeyatumia, yakiwemo ya walimu wa hisabati na sayansi. Wenyewe walijifunza kwamba kurusha picha ni rahisi kuliko kusomesha.

Sasa nikupeleke kwenye kisa ambacho mimi nakiona ni bora kuliko vyote vya enzi ya kompyuta katika ukanda wetu. Kisa hiki nacho kilianzia Nairobi, lakini kilianza na wodi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya wauguzi wa Kenya walikuwa wa ngazi ya cheti, wapatao zaidi ya 20,000. Hawa ndio waliokuwa wakishikilia zahanati na vituo vya afya vijijini. Walisomea kazi yao kabla UKIMWI haujageuza kila kitu, kabla ya dawa za kurefusha maisha, kabla ya miongozo mipya ya malaria na kifua kikuu. Baraza la Wauguzi la Kenya likataka wapandishwe hadi ngazi ya stashahada. Uamuzi ulikuwa sahihi. Hesabu ndiyo iliyokataa. Kwa kasi ya vyuo vya bweni, kuwapandisha wote kungechukua zaidi ya miaka 100. Tena ukimtoa muuguzi wa zahanati ukampeleka chuoni, zahanati umeifunga. Mama mjamzito atafika akute kufuli.

Mwaka 2005 shirika la AMREF, lile lililozaliwa mwaka 1957 kama Madaktari Warukao, likishirikiana na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya, vyuo vya uuguzi na kampuni ya Accenture, lilianza kuwasomesha wauguzi kwa kompyuta bila kuwatoa kazini. Kompyuta ziliwekwa hospitalini, karibu na walipo wauguzi. Baadaye vituo vya kusomea vilizidi 100 nchini kote. Wengi wa wanafunzi walikuwa watu wazima ambao hawajawahi kugusa kompyuta, kwa hiyo somo la kwanza halikuwa uuguzi. Lilikuwa kushika kipanya.

Hapa pana jambo la kuchekesha na la kufundisha. Tunauita mpango ule elimu ya mtandaoni, lakini mwaka 2005 Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa intaneti chini ya bahari. Tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009. Kwa hiyo masomo mengi ya wauguzi wale yalisafiri ndani ya sidii. Bahasha ya kaki ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa na sahani ya plastiki ndani yake. Na kilichoufanya mpango usimame hakikuwa ile sahani. Muuguzi alisoma usiku, akaenda wodini asubuhi na kufanya mazoezi ya vitendo chini ya macho ya wakubwa wake, na mwishoni akakaa kwenye mtihani wa Baraza la Wauguzi, ule ule waliofanya wenzake wa bweni. Akifaulu, anabadilishiwa usajili. Hakuna wa kumwambia eti stashahada yako ni ya kompyuta.

Maelfu wamepanda kwa njia hiyo, na nchi jirani zikauiga mpango. Lakini lengo la kuwamaliza wote ndani ya miaka mitano halikutimia, na sababu zake unaweza kuzikisia hata kama wewe si muuguzi. Ada ilitoka mfukoni. Zamu za usiku hazikupungua kwa sababu mtu anasoma. Kompyuta moja iligombewa na wengi. Muuguzi mwanamke aliyetoka zamu alikuwa na zamu nyingine nyumbani ikimsubiri. Mtandao hauongezi saa ya 25 kwenye siku ya mtu.

Mfano wa karibu zaidi ni wa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu ya kujifunza ufundi: umeme wa majumbani, ufundi wa simu, ufundi wa pikipiki na mengineyo. Nadharia unaisoma kwenye simu yako popote ulipo. Lakini huwezi kupata cheti kwa nadharia peke yake. Lazima uende karakana ya VETA, kama ile ya Kipawa, ushike nyaya na spana mbele ya mwalimu. Walioubuni mpango huu walikubali jambo ambalo wauzaji wengi wa kozi hawalisemi: kuna ujuzi ambao hauingii kwa macho. Unaingia kwa mikono, na mikono inahitaji mtu wa kuikataza kabla haijaungua.

Tulinganishe sasa na mawimbi makubwa ya dunia. Mwaka 2012 kulikuwa na shangwe kubwa ya kozi za wazi za mtandaoni, za Coursera, edX na wenzao. Ilisemwa kwamba kijana wa kijijini atasoma Harvard bure. Na kweli, mlango ulifunguliwa. Lakini mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za Harvard na MIT. Mwaka wa masomo wa 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki. Kati ya waliolipia cheti kilichothibitishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza. Yule mchimbaji wa Scranton aliyelala juu ya kitabu angewatambua ndugu zake mara moja.

Ninao rafiki mwenye vyeti 12 vya mtandaoni. Amevipanga vizuri kwenye faili, na ninamheshimu kwa bidii yake kwa sababu vingi amevisomea kwa vifurushi vya usiku, wakati data ni nafuu. Nilipomuuliza ni kozi ipi iliyomsaidia zaidi, hakutaja yoyote ya vyuo vikubwa. Alitaja ile fupi ya kutumia majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, kwa sababu siku hizo alikuwa na kibarua cha kutunza stoo, na bosi wake alikuwa akiyatazama majedwali yale kila Ijumaa na kumwonyesha makosa. Bila kujua, bosi yule alikuwa barua ya tatu ya Pitman.

Nimepitia historia hii yote ili nifike hapa. Chombo kimebadilika mara nyingi: peni moja ya posta, redio ya mbao, setilaiti, sidii, mkongo, simu ya mkononi. Kila kilipokuja, kilitangazwa kuwa ndicho kitakachomaliza tatizo la ujuzi. Hakuna kilichomaliza. Waliofanikiwa, kuanzia wachimbaji hadi wauguzi, walikuwa na mambo yale yale. Walikuwa na kazi ya kuitumia elimu kesho yake. Walikuwa na mtu wa kuwasahihisha. Walikuwa na mtihani ambao mwajiri anautambua. Na baada ya mtihani palikuwa na kitu: leseni, daraja, usajili, mshahara.

Mambo hayo manne mfanyakazi hawezi kujipa mwenyewe. Hapo ndipo ninapogombana na lugha ya siku hizi inayomwambia kijana kwamba akikosa kazi ni kwa sababu hajajiongeza, kozi ziko bure mtandaoni. Serikali ya Pennsylvania iliweka mtihani. Tanzania iliweka wakufunzi wa kata. Baraza la Wauguzi la Kenya liliweka usajili. VETA imeweka karakana. Nyuma ya kila mafanikio kulikuwa na taasisi iliyobeba upande wake wa mzigo. Tukimwachia mfanyakazi alipe ada, alipe data, atafute muda wa kusoma, kisha mwajiri aseme hakitambui cheti, tutakuwa tumehamisha gharama tu na kuiita maendeleo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujabonyeza pale penye kulipia, uliza maswali manne. Nitaitumia wapi elimu hii wiki ijayo? Nani atasoma kazi yangu na kuniambia nimekosea wapi? Nani anakitambua cheti hiki katika fani yangu, kwa jina? Na nikimaliza, kuna kitu gani kinabadilika? Ukipata majibu mawili ya kueleweka, jaribu bahati yako. Ukipata manne, lala kidogo, usome sana. Na kama wewe ndiye mwajiri, swali lako ni moja tu: mfanyakazi wako anayesinzia saa tatu asubuhi kwa sababu alikuwa akisoma hadi saa nane za usiku, umempa nini?

Haya, nimesema yangu kwa leo. Tuendelee kutafakari.